Kinyozi anachoma nywele za masikio kwa moto huku feni inazunguka! Tumvumilie hadi lini?

Mwana_Makadara

Natoka pale sasa hivi na sikio la kulia bado linawaka. Mnamjua. Simtaji, hana haja ya kutajwa, kila mwenye kichwa kisiwani humu Mombasa ashawahi kukaa kwenye kile kiti chake.

Mtu anaomba jambo moja tu: nipunguzie nywele zilizochomoza masikioni. Kazi ya dakika mbili kwa mkasi wa ncha butu. Yeye akazungusha pamba kwenye ncha ya koleo, akaichovya kwenye spiriti hadi inadondoka, akawasha kiberiti cha gesi, akaanza kunipigapiga sikio kwa moto. Na feni ya dari inazunguka! Jamani, FENI! Upepo wa kusukuma jahazi hadi Lamu, mwali umelala kuelekea nyusi, naye anasema, "Tulia mzee, hii staili ya Waturuki."

Waturuki gani? Mturuki anayeijua kazi yake huikamua ile pamba isidondoshe hata tone. Mwali unagusa nywele chini ya sekunde moja unaondoka, na kiganja cha mkono wa pili kinafuata papo hapo kuuzima. Wala hampaki mtu spiriti kwanza ndipo awashe moto, kwa sababu mvuke wa spiriti unashika moto hata kwenye nyuzi 20, sembuse joto letu hili. Huyu alishanipangusa spiriti kuanzia kisogoni hadi nyuma ya masikio. Ngozi imelowa spiriti, pamba inadondoka, feni inazunguka!

Na faida yenyewe hakuna. Moto unaunguza unywele hadi usawa wa ngozi tu. Mzizi uko chini, salama salimini, na unywele unarudi vilevile. Kilicho hatarini ni sikio: ngozi ya pale ni nyembamba, imelala juu ya gegedu karibu bila mafuta katikati, na gegedu halina mishipa yake ya damu, linalishwa na utando unaolizunguka. Utando ule ukiungua na vijidudu vikaingia, kipande cha gegedu kinaweza kufa, sikio likajikunja na kubaki hivyo. Yote hayo kwa nywele sita!

Kisha akadai hamsini juu, "ya moto". Hamsini! Ya moto! Na feni inazunguka!

Bi_Kisauni

Kwani wewe ulikaa tu? Moto unaletwa sikioni na miguu unayo.

Mwana_Makadara

Kitambaa kimefungwa shingoni, mkono wake uko kichwani kwangu, mwali uko sikioni. Ukishtuka ndio unaungua! Na hukusoma nilipoandika feni?

Wembe_Mkali

Sisi wa kazi hii tunaaibishwa na watu kama yule. Wacha niseme inavyofanywa, na mteja mwingine aweze kumzuia mtu mkono.

Nywele za sikio ziko mahali patatu. Kwenye ukingo wa juu, ukunje ukingo kwa vidole viwili, upitishe mashine ndogo ya kumalizia, ile ya shingo, bila kichanio, ukifuata ukingo. Hapo ni kupapasa tu, ukikandamiza unatoa damu, na damu ya sikio haikatiki haraka.

Pa pili ni kale kanyama kagumu kaliko mbele ya tundu. Hapo ndipo penye kichaka kwa wanaume waliovuka 40. Kavute mbele kwa kidole gumba, nywele zisimame nje, kata kwa mkasi mdogo wa ncha butu. Ncha itazame shavu. Ikitazama tundu, mteja akikohoa tu umemtia jeraha.

Pa tatu ni tundu, na tundu huingii. Vuta sikio juu na nyuma kidogo, tundu linanyooka, unaona zilizotokeza nje ya mdomo wake. Hizo tu ndizo unapunguza, kwa kile kimashine cha pua na masikio chenye kofia ya mviringo. Kofia ndiyo kinga, wembe unazunguka ndani yake. Za ndani ziache. Nywele za tundu ziko kwenye theluthi ya nje tu, na ndiko nta inakotengenezwa. Nywele na nta kwa pamoja zinakamata vumbi na wadudu. Zaidi ya hapo ndani ngozi haina nywele kabisa, kwa hiyo anayechokora huko anatafuta nini?

Makosa ninayoyaona kila siku ni mawili. Betri dhaifu: wembe unazunguka polepole, unashika unywele na kuung'oa badala ya kuukata, mteja anaruka. Na sikio lenye maji: nywele zinalala, unakata nusu yake. Sikio liwe kavu. Weka kipande cha pamba kavu mlangoni mwa tundu, mwambie mteja ainamishe kichwa upande huohuo, vipande vianguke nje. Unywele mmoja uliokatwa ukilala juu ya kiwambo cha sikio, mtu anasikia mkwaruzo kila akitafuna.

Moto haumo popote katika kazi hiyo.

Chumvi_ya_Bahari

Mzee mzima unalia kwa nywele sita. Kimashine kinatumia betri moja tu, nunua ukae nacho chooni, kila wiki mbili dakika moja kila sikio, umemaliza. Kinyozi umwachie kichwa.

Mwana_Makadara

Na nani ataona nyuma ya kale kanyama? Kioo kimoja hakionyeshi.

Chumvi_ya_Bahari

Vioo viwili. Au mkeo.

Bi_Kisauni

Wake wameshachoka. Na hao wanaume wakikosa kimashine wanachukua kibanio chetu cha nyusi, wanang'oa nywele za sikio mojamoja, kisha wanakirudisha kwenye pochi bila kukifuta. Kung'oa ndiko kubaya zaidi ya mkasi. Unywele ukitoka na mzizi unaacha shimo wazi, vijidudu vya ngozi vinaingia, panafura jipu. Na jipu la mlangoni mwa sikio linauma kuliko ukubwa wake, kwa sababu ngozi imeshikana na gegedu, uvimbe hauna pa kwenda. Punje ya mtama inamkosesha mtu mzima usingizi usiku kucha. Nyingine zinarudi zimejikunja chini ya ngozi. Kateni, msing'oe.

Fundi_Bombo

Uzi je? Ule wa kutolea nyusi?

Bi_Kisauni

Uzi nao unang'oa, ni yaleyale. Kwenye ukingo wa juu na shavuni karibu na sikio sawa, kwa anayejua kuvuta ngozi. Mlangoni mwa tundu hapana. Nta ya moto vivyo hivyo, hapana. Na zile krimu za kuyeyusha nywele ndizo usizithubutu: zinayeyusha unywele kwa dawa kali, na tundu la sikio huwezi kulisuuza vizuri. Krimu ikiteremka ndani inaendelea kuchoma ngozi.

Zamu_ya_Usiku

Naongeza kwa wenye kisukari, na humu hawakosekani. Ndugu zangu, mwenye kisukari, hasa aliyevuka 60, akikwaruzwa ndani ya sikio na chombo kichafu, si jambo la kungojea lipoe lenyewe. Kuna maambukizi yanayotoka kwenye ngozi ya tundu yakaingia kwenye mfupa wa chini ya fuvu. Mara nyingi ni bakteria wapendao majimaji. Dalili ni maumivu makali yanayozidi usiku, usaha usiokauka, na uso kulegea upande mmoja. Huyo hapelekwi duka la dawa kununua matone, anapelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Kwa asiye na kisukari, kipimo chepesi: bonyeza kale kanyama mbele ya tundu, au vuta sikio. Likiuma kwa kubonyezwa, tatizo liko kwenye tundu la nje. Usitie spiriti, usitie mafuta ya nazi, usiogelee baharini hadi lipoe. Hapa kwetu unyevunyevu ni wa mwaka mzima na watu wanashinda ufukweni Pirates kila Jumapili, ngozi ya sikio inakaa imelainika, mkwaruzo mdogo unatosha.

Mwana_Makadara

Asante, lakini mnaona huyu bwana hakuuliza hata kama nina kisukari? Hakuuliza chochote! Aliuliza tu kiberiti kiko wapi. Na feni...

Kijana_wa_Tudor

Feni tumeisikia. Mimi ninayemlalamikia ni yule wa upande wa pili wa barabara, mwenye sanduku la mwanga wa zambarau. Wateja wanaona taa wanadhani vyombo vimetakata. Mwanga ule unaua vijidudu pale unapogusa tu. Mkasi uliofungwa, meno ya mashine yaliyojaa nywele na mafuta, upande wa chini wa koleo, vyote viko kivulini. Yeye anatumbukiza mashine na nywele zake, dakika moja, anaitoa, "safi bosi".

Vyombo vinasafishwa hivi: brashi kwanza, nywele na mafuta yatoke. Kisha spiriti, na spiriti ya asilimia 70 inaua vizuri kuliko ile kali zaidi, kwa kuwa ile kali inakauka kabla haijafanya kazi. Uache ikauke yenyewe, usiifute. Wembe ni wa mtu mmoja, unafunguliwa mbele yake na kutupwa mbele yake. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinakaa hai siku 7 kwenye chuma kikavu. Siku 7! Na yule anauvunja wembe vipande viwili, nusu kwako, nusu anauweka mfukoni mwa shati.

Wembe_Mkali

Kuvunja wembe ni kawaida, kishikio kinachukua nusu. Kosa ni pale mfukoni.

Kijana_wa_Tudor

Ndilo ninalosema.

Ngalawa_Moja

Nyote mmemsahau mvunja shingo. Umemaliza kunyolewa, umeridhika, ghafla anakushika kidevu na kisogo, KWA! Hajakuuliza. Shingoni humo zinapita mishipa ya damu iendayo ubongoni, imepenya kwenye matundu ya mifupa yenyewe. Ukiizungusha ghafla, ukuta wa ndani wa mshipa unaweza kuchanika, damu ikaganda pale, mtu akapata kiharusi baada ya saa au siku kadhaa. Vijana wazima wamefikwa. Mtu akitaka kukukanda, mabega yapo.

Fundi_Bombo

Yule wa karibu na stendi?

Ngalawa_Moja

Huyohuyo. Hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Unamwambia shingo sitaki, anasema "relaksi", KWA!

Zamu_ya_Usiku

Baada ya kuvunjwa shingo, mtu akipata maumivu mapya ya shingo upande mmoja, kizunguzungu, kuona viwili viwili au ulimi mzito, asilale nayo. Hospitali saa hiyohiyo, na amwambie daktari kwamba shingo ilizungushwa.

Mwana_Makadara

Turudi kwenye sikio tafadhali. Moto. Feni.

Mjukuu_wa_Mvita

Nimechelewa, lakini nyinyi mnaokata mnajinyima sifa. Anthony Victor, mwalimu mstaafu wa India, aliingia kwenye rekodi za Guinness mwaka 2007 kwa nywele za masikio za sentimita 18.1. Na tulifundishwa shuleni kwamba zinarithiwa kutoka kwa baba kwenda kwa mwana tu.

Zamu_ya_Usiku

Hilo la baba kwa mwana tu lilifundishwa miaka mingi, lakini uchunguzi wa vinasaba wa mwaka 2004 haukuliunga mkono. Zinazofanya kazi ni homoni za kiume zikiambatana na umri: vinyweleo visivyoonekana vya sikioni vinageuka nywele nene nyeusi. Ndiyo maana kichwani zinapungua na sikioni zinaongezeka, kwa homoni hizohizo. Kunyoa hakuzidishi. Unywele uliokatwa unaonekana mnene kwa sababu ncha yake imekuwa bapa.

Chumvi_ya_Bahari

Basi wale wanaosema "usikate zitazidi" wanyamaze leo.

Fundi_Bombo

Na baada ya kunyoa ukingo wa sikio, shabu au spiriti?

Wembe_Mkali

Shabu iliyoloweshwa maji, ipitishe polepole, inakaza ngozi na kuzuia damu ya mikwaruzo midogo. Lakini kipande kiwe chako. Shabu ya duka imepita kwenye shingo za watu wote wa tangu alfajiri, damu ya huyu na ya yule. Kipande cha kutosha mwaka hakifiki bei ya soda, kinunue uende nacho.

Bi_Kisauni

Umesema shabu ya duka, na taulo je? Ile taulo moja nyeupe iliyogeuka rangi ya chai?

Kijana_wa_Tudor

Taulo ndiyo inayoleta choa, watoto wanatoka na madoa ya mviringo kichwani. Inataka maji ya moto, sabuni, na kuanikwa juani ikauke kabisa, moja kwa kila mtu. Yule anaikung'uta mlangoni.

Ngalawa_Moja

Anaikung'uta kisha anakufuta nayo uso. Kisha KWA!

Wembe_Mkali

Duka lenye viti vitatu linataka taulo 30 kwa siku na mfuaji wake. Nyinyi mnataka kunyolewa kwa mia na taulo mpya juu.

Bi_Kisauni

Karatasi za kufutia bei gani? Mbona za shingoni mnaweka?

Mwana_Makadara

Mimi nilifungua uzi wa moto!

Fundi_Bombo

Wembe_Mkali, zile karatasi za shingoni mnanunua wapi kwa jumla, Mwembe Tayari?