Vidoti vya kutu kwenye gari nyeupe, jirani anakata vyuma. Nifanyeje?

Kivuli_cha_Mwembe: Wakuu, naomba ushauri. Gari ni Toyota nyeupe, inalala mita kama sita kutoka kwa fundi wa mageti. Boneti na paa vimejaa vidoti vya rangi ya chungwa, vidogo kuliko punje ya ulezi, na katikati ya kila kidoti kuna nukta nyeusi. Sabuni haivitoi. Nimeshauriwa stilwaya na ndimu. Ni sawa?

Msasa2000: Stilwaya iache jikoni. Inachana kliya (lile tabaka angavu juu ya rangi), halafu inakatikakatika na kuacha vipande ambavyo navyo vitaota kutu. Ndimu ni dhaifu kwa punje iliyozama, na ikikaukia juani inaacha alama.

Hiyo si kutu ya bodi, mkuu. Ni cheche. Chuma kinaruka kikiwa cha moto, kinatua kwenye kliya na kuzama kidogo. Umande ukikipata kinaota kutu, kutu inachuruzika pembeni, ndiyo hilo duara la chungwa. Nukta nyeusi ndiyo punje yenyewe. Ukifuta duara ukaiacha nukta, baada ya mvua mbili tatu duara limerudi.

FundiBodi: Tafuta dawa ya kuyeyusha chuma yenye thioglikoleti. Utaijua kwa harufu: mayai viza yaliyochanganyika na kalikiti ya saluni, maana kemikali ya jamii hiyo ndiyo inayokunja nywele. Osha gari kwanza, weka kivulini, bodi iwe ya baridi ukiigusa. Vaa glavu, puliza paneli moja, subiri dakika 3 hadi 5. Kila punje itaanza kutoa michirizi ya zambarau. Isikauke hata kidogo. Ikielekea kukauka, suuza hata kama muda haujatimia. Suuza kwa maji mengi, rudia mara ya pili. Wengi wanapiga mara moja, wanaona zambarau, wanadhani kazi imekwisha. Zambarau inakwambia tu kwamba dawa imekutana na chuma.

Msasa2000: Naongezea: udongo wa kusafishia rangi (ule wa kunata wa dukani, si wa shambani) unakuja BAADA ya dawa. Ukianza nao, unaziburuza punje zenye ncha juu ya kliya. Kata kipande cha gramu 50, kikande kiwe bapa upana wa vidole vitatu. Lowesha kwa maji lita 1 yenye nusu kijiko cha chai cha shampuu ya gari. Fanya eneo la sentimita 50 kwa 50, mstari ulionyooka, bila kukandamiza. Kunja kipande kila kikichafuka. Kikianguka chini, tupa, hata kama ni kipya.

Kupima, vaa mfuko wa mkate mkononi upapase rangi iliyolowa. Ukihisi kama ulimi wa paka, bado.

Chuma_Ulete: Mbona mnazunguka? Asidi ya oksaliki inamaliza yote.

FundiBodi: Inafaa kwa vidoti vilivyogoma, si kwa gari zima. Gramu 50 kwa lita 1 ya maji ya uvuguvugu, kitambaa kilicholowa juu ya kidoti dakika 5 hadi 10, suuza, kisha pitisha maji yenye vijiko viwili vya soda ya kuokea kwa lita. Ni sumu: glavu, miwani, usivute vumbi lake, na usiichanganye na dawa ya klorini ya kufulia.

Kivuli_cha_Mwembe: Asanteni. Kwenye ukingo wa mlango kuna viwili vimevimba kama lengelenge. Navyo nivipulizie?

Msasa2000: Hapana, hivyo vinatoka chini ya rangi. Bonyeza kwa kucha. Kikipasuka na kutoa unga wa kahawia, kwangua mpaka bati ling'ae, msasa namba 180 kisha 320, praima ya epoksi (rangi ya msingi ya kuzuia kutu), rangi, kliya. Ukipaka rangi juu ya kutu, mlango utavimba tena.

FundiBodi: Ukimaliza, paka nta, maana udongo umeondoa ile ya zamani. Na turubai usilifunike juu ya gari lenye vumbi la chuma: upepo ukilitikisa, linasugua. Bora uongee na fundi aweke bati la kukinga cheche upande wako.

Kivuli_cha_Mwembe: Bati analo, analitumia kama meza. Naenda kuongea naye jioni.