Mt. Alfonso bawabu: mnawezaje kusema "Nakuja, Bwana" saa nane za usiku?

Mlinzi wa Malimbe

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu.

Mimi ni mlinzi wa geti kwenye hosteli moja ya wanafunzi huku Malimbe, Mwanza. Huu ni mwaka wa sita. Kabla ya hapo nilikuwa nauza vitambaa na mashuka Makoroboi. Biashara ikafa, mke wangu naye akafariki mwaka huohuo, nikajikuta nimeshika rungu na tochi. Sielezi ili mnionee huruma, mtaona hapo chini kwa nini nimeyataja.

Jumuiya yetu ina kawaida moja. Majilio, yale majuma ya kujiandaa na Noeli, yakianza kila mtu anachagua mtakatifu wa kutembea naye mwaka mzima, mbali na somo wake wa ubatizo. Somo wangu ni Petro, na kwa kazi hii mnaweza kukisia nimetaniwa kiasi gani. "Mshika funguo za mbinguni, siku ile usitusahau." Nimechoka. Safari hii nikamwomba katekista anitafutie mtu wa geti kweli, aliyekaa kwenye benchi akasinzia na kuamshwa, siyo wa funguo za kwenye picha. Akanipa Mtakatifu Alfonso Rodriguez.

Akaanza kunisimulia. Mhispania, mtu wa Segovia, alikuwa anauza nguo. Mke akafa, watoto wakafa mmoja baada ya mwingine, duka likadorora. Akaenda kuomba kwa Wajesuiti, shirika la watawa Wakatoliki, akiwa anakaribia miaka 40, hana elimu ya maana, afya mbovu. Mwishowe wakampokea awe bruda, yaani mtawa asiye padre, mwaka 1571, wakampeleka kisiwani Majorca, mji wa Palma, na huko akawekwa mlangoni mwa chuo. Alikaa kwenye mlango ule miaka na miaka mpaka uzee. Nguo, msiba, wanafunzi, mlango! Nilimwambia katekista asimame kidogo, maana niliona kama ananisoma mimi.

Sasa kilichonileta hapa. Inasimuliwa kwamba kila alipogongewa, Alfonso alijibu "Nakuja, Bwana!" kana kwamba aliyeko nje ni Yesu mwenyewe. Nikasema basi hili nalibeba, halihitaji kitabu wala kupiga magoti, na mimi nagongewa mara arobaini kwa zamu.

Siku tatu nilikwenda vizuri. Usiku wa nne ulikuwa wa giza, mwezi hakuna, ziwani taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga utadhani kuna mji mwingine huko majini. Wadudu wa ziwani wameizunguka balbu ya geti mpaka wanadondokea kwenye chai yangu. Sisi tunafunga saa nne. Saa nane na robo bodaboda ikasimama, honi tatu. Nikasema, "Nakuja, Bwana." Honi ya nne. Kufuli likagoma kama kawaida yake, ufunguo unaingia lakini haugeuki. Honi ya tano, na sauti ya kijana: "We mzee, umekufa?" Nikatoa neno la Kisukuma ambalo siwezi kuliandika hapa, na nililitoa kwa sauti, siyo moyoni.

Akaingia, mimi nikarudi kwenye benchi nikajiona mnafiki mkubwa. Naomba kuuliza: kumwita "Bwana" mtu ambaye kwa kweli unatamani atumbukie mtaroni, si uongo huo? Na ninyi mlio kwenye kazi za kuitwaitwa, wauguzi, wahudumu, makonda, mnafanyaje?

Fundi Igoma

Shikamoo mzee wangu. Mambo ya watakatifu siyajui sana, lakini nusu ya tusi lako ni la kufuli. Kwangua penseli, ule unga mweusi uutie kwenye tundu la ufunguo, ingiza na kutoa mara kadhaa. Usiweke mafuta ya kula, yananasa vumbi halafu mwezi ujao utatukana mara mbili.

Mama Dagaa Mwaloni

Milele amina. Baba mlinzi, mimi niko upande wa pili wa geti lako, kwa hiyo naomba uniruhusu niseme.

Kabla sijapata sehemu pale soko la Kirumba Mwaloni, nilitembeza dagaa mwaka mzima na zaidi, beseni kichwani, Isamilo yote mpaka Capri Point. Mageti ya kule ni bati tupu juu mpaka chini. Wewe uliye ndani unadhani sisi tunakuona sura, umenuna au umecheka. Hatukuoni. Tunachosikia ni miguu. Kuna anayeburuza ndala taratibu, huyo unajua anakuja kukufukuza na amekasirika kwamba imebidi asimame. Kuna ambaye benchi linalia kidogo halafu kimya, ameamua uchoke mwenyewe uondoke. Ukisimama na kilo nane kichwani saa saba mchana, hicho kimya unakijua.

Na alikuwepo mzee mmoja, geti la kijani, karibu na kona yenye mawe makubwa. Ukigonga tu unasikia "ehee," na miguu inaanza palepale. Mara nyingi alikuja kuniambia leo hawanunui. Lakini alikuja! Alinishika beseni tukalitua pamoja, nikanyoosha shingo, akanipa maji kwenye kikombe cha plastiki kisicho na mkono, tukajitwisha tena, nikaenda zangu. Moyoni alikuwa anasema nini mimi sijui. Labda alikuwa ananitukana kwa Kisukuma kama wewe. Shingo yangu ilipumzika.

Halafu usidhani Alfonso yuko peke yake kwenye hiyo kazi. Somo wa jumuiya yetu ni Mt. Yosefina Bakhita. Watu wakimtaja wanaishia kwenye utumwa: kutekwa Darfur akiwa mtoto, kuuzwa, kuuzwa tena, kutiwa makovu, mpaka jina alilopewa na wazazi likampotea kichwani. Hilo la Bakhita alipewa na watekaji, maana yake mwenye bahati, na ni hii bahati yetu hii ya kila siku, neno ni moja. Fikiria unaitwa Bahati na anayekupiga. Ila miaka yake mingi ilipita Schio, kule Italia, kwenye nyumba ya masista wa Kanosa. Alipika, alishona, alitunza sakristia, chumba cha vyombo vya ibada, na alikuwa mfungua mlango. Watoto wa mji walimzoea hapo mlangoni. Alifariki tarehe 8 Februari 1947, na sisi siku hiyo kila mwaka tunapika pilau kwa zamu. Mwaka huu ni nyumbani kwangu, mchele wenyewe umepanda bei, tuombeane.

Mtu aliyefungwa minyororo akawekwa afungulie wengine. Kila nikifika hapo huwa nanyamaza.

Mwalimu Mstaafu, Ukerewe

Nimefundisha dini miaka mingi visiwani, naomba nijibu lile swali la uongo, maana naona wamekujibu kufuli na miguu.

Lichambue neno lenyewe. "Nakuja" ni habari yako wewe. "Bwana" ni Yesu. Kijana wa bodaboda hamo kwenye sentensi hiyo. Ulimwambia Bwana kwamba unakuja, na kweli ulikwenda, na kufuli bovu ukalifungua. Uongo uko wapi? Tusi ni dhambi nyingine, ina foleni yake, ipeleke Jumamosi kitubioni. Usizichanganye.

Pili, umejaribu siku tatu! Siku tatu ni mahudhurio ya mtu aliyekuja kuchungulia. Alfonso hakuwa mtu wa furaha nyepesi. Alisumbuliwa na vishawishi na wasiwasi wa dhamiri, na vipindi virefu vya ukavu ambavyo sala haina ladha hata kidogo. Kabla hajapokelewa alirudi darasani kusoma Kilatini na watoto, mtu mzima mwenye ndevu, aliyewahi kuzika mke na wanawe. Hebu jiweke hapo, umekaa dawati moja na mtoto wa darasa la tano, naye anakuzidi. Nadhani aliyezoea aibu ya namna hiyo, honi haimpi shida sana. Mtakatifu si dawa ya vidonge kwamba umemeza siku tatu hujapona unarudi kudai hela yako.

Nina jambo la tatu, nalo ndilo nalipenda kuliko yote. Mwaka 1605 alifika hapo chuoni Palma kijana mmoja Mkatalani, Petro Claver, hajui afanye nini na maisha yake. Akawa anakwenda kuzungumza na bawabu. Fikiri, chuo kina mapadre na walimu, yeye anamfuata mzee wa mlangoni! Alfonso ndiye aliyemhimiza avuke bahari aende Amerika. Mwaka 1610 Claver akafika Cartagena, kwenye nchi tunayoiita leo Kolombia, na mpaka ugonjwa ulipomlaza, miaka michache kabla ya kifo chake mwaka 1654, kazi yake ikawa hii: meli za watumwa kutoka Afrika zikitia nanga, yeye anashuka ndani ya zile ngama, vyumba vya chini kabisa vya meli, zenye harufu ya mauti, na maji, chakula na dawa, kwa watu wetu. Alfonso mwenyewe alibaki kisiwani na funguo zake, akafa mwaka 1617. Papa Leo XIII akawatangaza wote wawili watakatifu siku moja, tarehe 15 Januari 1888.

Kwa hiyo wale wanaorudi saa nane uwafungulie kwa adabu. Humjui nani ni nani. Wengi wao ni walevi tu, najua, nimelea vijana.

Msomaji wa AIC

Bwana asifiwe. Mimi ni wa AIC, Kanisa la Africa Inland, sitafuti ugomvi. Ila kwa nini mzunguke kwa Alfonso wakati Yesu mwenyewe ameshasema kwenye Mathayo 25 kwamba alikuwa mgeni wakamkaribisha? Si ni lilelile?

Mama Dagaa Mwaloni

Ni lilelile, mdogo wangu. Alfonso aliingia nalo zamu ya usiku tu.

Msomaji wa AIC

Haya mama, hapo umenipata. Mzee mlinzi, Mungu akutie nguvu.

Mlinzi wa Malimbe

Narudi, ni wiki ya pili tangu niulize. Asanteni sana, na marahaba kwa Fundi. Penseli imefanya kazi. Kufuli sasa linageuka kama la dukani, na nimegundua kwa aibu kwamba fundi alikuwa sahihi kwa kiasi kikubwa kuliko ninavyopenda kukiri.

Maneno ya Mama Dagaa yalinikaa vibaya. Siku ya pili yake nilikaa nikajisikiliza mwenyewe nikitembea. Mimi ni wa kuburuza. Kutoka kwenye benchi mpaka getini ni hatua kumi na nne, nimezihesabu, na nilikuwa nasema "Nakuja, Bwana" nikishafika kwenye kufuli, yaani mtu ameshanisikia nikinung'unika hatua kumi na tatu. Sasa naanza kulisema pale ninaponyanyuka. Hatua za kwanza linakuwa la mdomoni tu, kavu, mwalimu atanielewa. Kuna siku kufikia ya kumi au ya kumi na mbili linashuka kidogo kifuani. Kuna siku halishuki kabisa, nafungua hivyohivyo.

Mwalimu, kitubioni nimekwenda. Padre aliniuliza neno lenyewe lina maana gani kwa Kiswahili. Nikamtafsiria. Alikaa kimya muda mrefu kuliko ninavyozoea, nadhani alikuwa anazuia kucheka.

Juzi limenitokea jambo. Nimenyanyuka na usingizi, nikalisema kwa sauti bila kujua, "Nakuja, Bwana!" Kule nje mwanafunzi akajibu, "Poa mzee, taratibu tu, usijikwae." Alidhani bwana ni yeye. Sikumsahihisha. Habari ikaenea vyumbani, na sasa hosteli nzima wananiita Mzee Nakuja. Asubuhi wakitoka kwenda vipindi wanapita mmoja mmoja, "Mzee Nakuja, tunaenda." Wengine kati yao miaka yote walikuwa hawanisalimu.

Benchi la pili nimemwomba mwenye nyumba, la kuweka nje ya geti kwa ajili ya akina mama wa mabeseni. Amesema ataangalia. Mshahara wa mwezi uliopita pia alisema ataangalia, kwa hiyo nimeanza kuokota mbao mwenyewe. Nimeshapata mbili, bado miguu.

Yule kijana wa bodaboda bado anarudi saa nane, na bado anapiga honi tano. Ila jana zilikuwa nne. Sijui ni Alfonso au honi imeanza kuharibika.