Tupeane uzoefu: huduma kwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu, Arusha na Moshi

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Vijana wa shahada ya kwanza wana pa kwenda, vikundi vya wanafunzi Wakristo vyuoni: TAFES, USCF, CASFETA, TMCS. Huyu wa uzamili je? Ni mtu mzima, kaacha familia mkoani, yupo kwenye ruhusa ya masomo, na mkesha wa Ijumaa hauendani na ratiba yake. Chuo cha Nelson Mandela hapa Tengeru, Arusha, ndiyo zaidi, maana chuo chote ni uzamili na uzamivu.

Mimi na mume wangu tunawapokea nyumbani Jumapili jioni. Nilichojifunza: mtu huyu hukaa pale ambapo utafiti wake unaulizwa na kuombewa. Kaka mmoja alikuwa anapima madini ya floraidi kwenye maji ya vijiji vya chini ya Meru. Kila wiki ombi lake lilikuwa "niombeeni masomo," basi. Siku moja mume wangu akamwuliza, hasa unapima nini? Akafungua begi, akatoa chupa mbili za maji, zote safi kwa macho. Akasema Shirika la Afya Duniani (WHO) wanataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na moja kati ya zile ilikuwa imepita mbali. Akaeleza meno ya watoto yanavyogeuka kahawia, na wengine miguu inavyopinda. Alipofika kwa mtoto mmoja aliyemwona kisimani, akashindwa kuendelea. Tukamwombea yule mtoto, tukaombea na kichujio chake cha mkaa wa mifupa, cha kupunguza floraidi. Wiki iliyofuata alikuja na wenzake.

Nyie mnafanyaje?

Daktari, Moshi: Shikamoo mama. Nasomea ubingwa hospitali ya KCMC. Ibada za jioni hatuziwezi kwa sababu ya zamu, kwa hiyo tunakutana wachache mgahawani kabla ya raundi. Zaburi moja, sala, tunapanda wodini. Wiki tuliyofiwa na mtoto tulisoma ya 88, ile inayoishia gizani, na hakuna aliyeharakisha kutufariji. Ndicho tulichohitaji.

Mama Baraka: Mimi nilisomea uzamili Moshi. Kanisani waliposikia tu, wakaniweka kamati ya harambee! Hakuna aliyeuliza ada nalipaje. Aliyenihudumia kweli ni mama mmoja wa jumuiya, aliyekaa na mwanangu mchanga siku ninatetea tasnifu. Alikuja na uji kwenye chupa ya chai, akaniambia nenda, huyu niachie. Wenye makanisa karibu na vyuo, anzieni hapo kabla ya semina.

Mhadhiri, Arusha: Naomba niongeze tahadhari. Mwanafunzi ninayemsimamia simwaliki kwenye ushirika nyumbani kwangu. Atakubalije au kukataa kwa uhuru wakati sura ya tatu ya tasnifu yake iko mezani kwangu? Namwelekeza kwa wenzake, naye akitaka kuja baada ya kuhitimu, karibu sana. Ninachotaka Mungu anione nikitenda kama msimamizi ni kusoma kazi yake kwa wakati na kumrudishia maoni ya haki.

Mwenye uzi: Marahaba mwanangu daktari. Mwalimu, hilo nalichukua, litawekwa wazi kwetu pia. Swali jingine: wageni wasiojua Kiswahili mnawashirikishaje? Sisi Neno tunasoma kwa Kiingereza, kuomba kila mmoja kwa lugha ya kwao. Nyimbo ndizo bado zinatushinda.