Nauli ya wajumbe sita: tukubali ya mnunuzi?

Wakuu, naombeni ushauri. Sisi wakulima wa zabibu wa Hombolo, Dodoma, tumealikwa na wakulima wenzetu wa Stellenbosch, Afrika Kusini, tukajenge uhusiano. Si ziara ya serikali, kwa hiyo posho hakuna. Wenyeji watatulaza na kutulisha, viza hatuhitaji. Kinachotukaba ni tiketi za ndege kutoka Dar. Daftari la michango limerudi na laki nne, na kurasa mbili za ahadi!

Sasa mnunuzi wetu mmoja anataka kutulipia wote sita. Nasita. Akija kupanga bei ya kilo msimu wa Agosti, tutambishia kwa mdomo gani? Wenzangu wananiambia, "Mzee, panda ndege kwanza."

Twende wawili kwa fedha zetu, au tumsainishe kwamba ni mchango tu?