Ofisa wa jeshi astaafu na miaka 42 halafu pensheni ianze papo hapo, ni sawa?

Wadau tulijadili hili bila kuambiana hatupendi jeshi, maana kila likiguswa mtu anakuja na "wale wanakufa kwa ajili yetu" basi mjadala unaishia hapo.

Chukua Marekani. Kijana anaingia na miaka 22 akiwa luteni usu, anapanda kapteni, meja, akitimiza miaka 20 kazini anaaga akiwa luteni kanali wa miaka 42 na pensheni inaanza kuingia hapo hapo. Kwa kikokotoo cha zamani ni nusu ya wastani wa mshahara wa msingi wa ile miaka 3 aliyolipwa vizuri zaidi, na inapandishwa kufuata mfumuko wa bei mpaka anakufa. Akifika 80 ni miaka 38 ya kulipwa kwa kazi ya miaka 20, na katikati hapo anaweza kuwa ameajiriwa hata na kampuni inayoliuzia jeshi silaha, mshahara anakula na pensheni anakula.

Mtasema vita inataka vijana na ofisa akirukwa cheo mara mbili anaonyeshwa mlango, kweli kabisa. Ila sajenti aliyepiga miaka 12, kaenda vitani, magoti yameisha, kwa mfumo huo akitoka kabla ya 20 pensheni yake ya utumishi ni sifuri, labda apate fidia ya ulemavu, na walio wengi walikuwa wanatoka hivyo hivyo. Sasa hiyo hela inalipia hatari gani? Hapa ndo panaponiuma.

2018 wakarekebisha, miaka 20 sasa inakupa asilimia 40 badala ya 50, na serikali inachangia akiba ya askari mpaka asilimia 5 ya mshahara, akitoka mapema haondoki mikono mitupu. Hatua nzuri, lakini waliokuwa na miaka 12 na zaidi kazini walibaki na kikokotoo cha zamani, kwa hiyo bili bado ipo miaka mingi tu, na hata hao wapya wanaanza kulipwa wakiwa na miaka arobaini na kitu.

Mi naona Uingereza walipatia kwenye mfumo wa 2015: ukitoka na miaka 20 kazini na umri usiopungua 40 unapewa mkupuo na kiasi cha kila mwezi cha kukuvusha, pensheni yenyewe inasubiri umri wa pensheni ya raia wote. Aliyeumia kazini alipwe vyote bila longolongo, huyo sina ugomvi naye. Ila ofisa mzima, ana afya na ajira nyingine, mlipakodi anamlipa ya nini kabla ya uzee? Mwenye hoja alete.