Tupeane uzoefu: ni mhusika gani wa hadithi za mashujaa au za njozi aliyekugusa moyo, na ni katika tukio gani hasa?

Mwanzilishi wa mada

Ndugu wadau, mazungumzo yetu kuhusu mashujaa wa katuni na filamu huishia karibu kila mara kwenye swali la nani angemshinda nani iwapo wangekutana. Leo naomba tuliweke kando. Mimi sijampenda mhusika yeyote kwa sababu ya ngumi zake. Niliowapenda, niliwapenda pale ambapo nguvu zao zilishindwa kuwafaa. Tusimuliane matukio ya namna hiyo, na tuyasimulie kwa kina, ili hata asiyeyasoma wala kuyaona ayapate.

Naanza na Spider-Man, ambaye Stan Lee na Steve Ditko walimleta kwa wasomaji mwaka 1962. Kinachonichekesha kwake ni kwamba shida zake ni za mtu wa kawaida kabisa. Katika toleo la kwanza la jarida lililobeba jina lake, la mwaka 1963, anafanya onyesho, analipwa kwa hundi iliyoandikwa jina la Spider-Man, kisha anakwenda benki akiwa na vazi lake kamili, na karani anamwomba kitambulisho. Hana. Mtu anayeweza kupanda ukuta wa ghorofa yoyote anatoka benki mikono mitupu! Hucheka kila ninapokumbuka, halafu huruma hunijia, kwa maana fedha hizo alizihitaji ili kumsaidia Shangazi May, mjane asiye na kodi ya nyumba.

Tukio lililonishika zaidi limo katika toleo la 33, la mwaka 1966. Amelaliwa na mtambo mkubwa wa chuma, maji yanavuja kutoka juu na yanazidi kujaa, na dawa inayoweza kumwokoa shangazi yake ipo sakafuni mbele ya macho yake, hatua chache tu, mahali asipoweza kufika. Anajaribu, anashindwa, anamkumbuka Ben, mume wa shangazi huyo, aliyeuawa na mwizi ambaye yeye mwenyewe alimwacha apite, kisha anajaribu tena. Ditko hakuwa na haraka. Aliichora jitihada hiyo kwa kurasa kadhaa, chuma kikipanda kidogo kidogo, mpaka ukurasa mzima unapomwonyesha akiwa ameunyanyua mtambo ule juu ya mabega yake. Nikifika hapo, hata leo, hujikuta nimebana pumzi.

Binti wa Radi

Ahsante, ndugu mwanzilishi, kwa kutuondoa kwenye mashindano ya ngumi. Wangu ni Storm, yaani Ororo Munroe, aliyeingia katika X-Men, kundi la mashujaa wa katuni, mwaka 1975. Mama yake anatoka Kenya na baba yake ni mpiga picha Mmarekani, naye huamuru mvua, upepo na radi kwa kunyoosha mkono. Lakini mfungie katika chumba kidogo uone. Alipokuwa mtoto jijini Kairo, nyumba yao iliporomoka, wazazi wake wakafariki, naye akabaki amefukiwa chini ya kifusi kando ya mwili wa mama yake. Ndiyo maana baadaye, wenzake wanapopigana ndani ya ngome na kuta zinapomzunguka, mwanamke huyu anayeogopwa na maadui wote anaanguka chini akitetemeka.

Mimi huogopa lifti. Mlango ukijifunga, viganja vyangu hulowa jasho, na kwa miaka mingi niliambiwa kwamba ni utoto tu na kwamba nitaacha. Niliposoma kisa cha Storm, kilichonifariji ni kuona kwamba mwandishi hakumponya kwa ukurasa mmoja. Aliendelea kuwa na hofu hiyo, akaendelea pia kuongoza wenzake, na hakuna aliyemwambia kwamba hafai.

Mpishi wa Shire

Dada Binti wa Radi, umenigusa, nami nitakujibu kwa mtu asiye na nguvu yoyote: Samwise Gamgee, mtunza bustani wa J. R. R. Tolkien katika hadithi ya The Lord of the Rings, iliyochapishwa kwa majuzuu kati ya mwaka 1954 na 1955. Wote humsifu kwa kumbeba bwana wake Frodo mgongoni kwenye Mlima wa Maangamizi, na wana haki. Mimi, hata hivyo, tukio linaloniliza linatangulia hapo kidogo.

Sam ametembea safari yote hiyo akibeba vyombo vyake vya kupikia. Dunia inakaribia kuangamia, majeshi yanapigana, naye ana sufuria mgongoni, kwa sababu anaamini kwamba popote watakapofika, bwana wake atahitaji chakula cha moto. Jambo hilo hunifurahisha mno. Kisha ndani ya Mordor, nchi ya adui, wanalazimika kupunguza mizigo, na Sam anavibeba vyombo vile hadi kwenye ufa wa ardhi na kuvitupa. Mlio wake vikigongana kuelekea chini unamchoma moyo kama kengele ya msiba. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hatarajii tena kupika, maana yake hatarajii kurudi, na bado anageuka na kuendelea na safari.

Mama Wawili

Mimi nitasema kwa ufupi, kwani wanangu wananisubiri. Nampenda Edna Mode, yule mshonaji mfupi wa mavazi ya mashujaa katika filamu ya The Incredibles ya mwaka 2004, kwa msimamo wake kwamba shujaa asivae joho. Anawataja mmoja mmoja waliopotea kwa sababu ya majoho yao, yupo hata aliyevutwa na injini ya ndege, na hacheki hata kidogo. Nyumbani kwangu sisi sote hucheka mpaka machozi, lakini naona upendo ndani yake: anawashonea watu ambao angependa warudi salama.

Mwana wa Wakanda

Naomba kumleta adui. Black Panther alianza kuchorwa mwaka 1966, lakini mimi nazungumzia filamu yake ya mwaka 2018 na adui yake humo, Erik Killmonger. Anapokunywa dawa ya kuwafikia wahenga, hapati uwanda mpana wenye miti na mababu kama alioupata T'Challa, mfalme wa Wakanda ambaye ndiye Black Panther. Anajikuta katika nyumba ndogo ya Oakland alimokulia, anazungumza na baba yake aliyeuawa, na ghafla anayejibu ni yeye mwenyewe akiwa mtoto mdogo, mwenye uso mkavu, anayesema kwamba kifo ni jambo la kawaida huku kwao. Njia yake ya kulipiza kisasi naipinga kabisa, kwani ingewaangamiza hata wale aliodai kuwatetea. Hata hivyo, T'Challa anapombeba mwishoni ili akaone jua la Wakanda likizama, kama baba yake alivyomwahidi, nilimlilia kama ndugu yangu.

Mwanzilishi wa mada

Mwana wa Wakanda, umefungua mlango wa maadui, na sioni sababu ya kuufunga. Atakayefuata naomba atueleze kuhusu Magneto, adui wa X-Men, mtoto aliyenusurika kambi za mauaji za Wanazi. Nasisitiza tena: tukio moja, kwa kina.