Naomba ushauri: hili jiwe la kijani ni kornerupini au ni turmalini tu?

Habari wakuu, niko Mwanza huku Igoma, nina jiwe ghafi la kijani mjomba aliniletea kutoka Umba, bonde la vito kule Tanga, kila dalali nikimwonyesha anasema turmalini tu hiyo, yaani kito cha kawaida. Mi nina wasiwasi, labda ni kornerupini, kito adimu. Ukilizungusha juani kijani kinageuka kahawia, sawa turmalini nayo inafanya hivyo, ila nililipeleka kwa sonara mmoja tukalipima kavu gramu 10.2, tukalining'iniza kwa uzi ndani ya maji ikasoma 7.1, yaani ukigawanya 10.2 kwa tofauti ya hizo mbili unapata uzito mahususi (mara ngapi jiwe ni zito kuliko maji) kama 3.3 na turmalini kwa kawaida iko 3.06 hivi, tofauti hiyo si ndogo jamani. Kornerupini ndo iko 3.3, nayo ni silikati adimu yenye boroni na Umba inatoka kweli. Shida diopsaidi na zoisaiti, mawe mengine yanayoweza kuwa ya kijani, nazo uzito wake mahususi uko hukohuko.

Najua refraktometa, kile kifaa cha kupima jiwe linavyopinda mwanga, itamaliza ubishi, kornerupini inasoma 1.66 hadi 1.68, zoisaiti inaanzia 1.69, lakini inataka uso uliosuguliwa. Je nisugue upande mmoja au nitaliharibia bei? Na hapa Mwanza nani anapima kwa uaminifu?